Shingo, Sauti na Chumvi

Historia ya Nyanda za Juu Kusini tumezoea kuisimulia kwa vita. Tunaanza na Lugalo, Agosti 1891, Wahehe walipokishinda kikosi cha Wajerumani. Tunapita Kalenga, ngome iliyoangushwa mwaka 1894. Tunafika kwenye kifo cha Mkwawa mwaka 1898, na kumalizia na fuvu lake lililorudishwa nyumbani mwaka 1954. Ni historia ya heshima na inastahili kufundishwa. Lakini iko historia nyingine ya watu hawa hawa wa milimani, isiyo na mnara wala siku ya kuadhimishwa, ambayo wazee wetu waliibeba shingoni. Ni historia ya rovu, yaani tezi la shingo, na ya sauti za watu zilizokuwa hatarini kwa ajili yake. Ili ieleweke vizuri, sina budi kuanza na koo lenyewe.

Naomba msomaji aweke vidole viwili mbele ya shingo yake, kisha ameze mate. Atahisi kitu kigumu kikipanda na kushuka. Hilo ndilo zoloto, ambalo kwa wanaume hujitokeza zaidi na wengi tunaliita kikoromeo. Kwa sehemu kubwa halikujengwa kwa mifupa bali kwa magegedu, vitu vigumu lakini vyenye kunyumbuka kidogo. Gegedu kubwa liko mbele, mfano wa ngao. Chini yake lipo jingine mfano wa pete ya muhuri, jembamba mbele na pana nyuma. Juu ya ule upana wa nyuma yamekaa mawili madogo ambayo Wagiriki wa kale waliyafananisha na kata ya kuchotea maji. Yapo na mengine, likiwemo lile la kidakatonge kinachokinga njia ya hewa tunapomeza, ila haya niliyoyataja yanatosha kwa habari yetu.

Magegedu hayo yasingefaa kitu kama yasingeungwa. Pembe mbili za chini za ngao huikamata pete kulia na kushoto kwa viungo kamili, kila kimoja na mfuko wake na ute wake wa kulainisha, sawasawa na goti. Hapo ngao na pete huinamiana kama kifuniko cha sanduku kwenye bawaba zake, na zikiinamiana nyuzi sauti huvutwa, sauti ikawa nyembamba na ya juu. Viungo vingine viwili ni pale kata zinapokaa juu ya pete. Hapo kata huteleza na kujipindua, nyuzi sauti zikaachana ili tuvute pumzi, au zikakutana ili tuseme. Nyuzi sauti zenyewe ni mikunjo miwili, na ndani ya kila mmoja mna kano laini ambayo ni ukingo wa juu wa utando unaopanda kutoka kwenye pete. Mwanamume anapozungumza kwa utulivu, mikunjo hiyo hugongana zaidi ya mara 100 kwa sekunde moja. Kwa mwanamke ni kama mara 200. Na zoloto zima limetundikwa kwa utando mwingine kwenye mfupa mdogo ulio chini ya ulimi, mfupa ambao haukuungana na mfupa mwingine wowote mwilini. Kwa hiyo sauti zetu zote, za hotuba na za nyimbo, za kuita ng'ombe na za kuomboleza, zinaning'inia kwenye kano na tando.

Watu wametumia karne nyingi kuyajua hayo. Galen, tabibu Mgiriki aliyefanya kazi Roma katika karne ya 2, aliandika kwamba magegedu makubwa ya zoloto ni matatu. La kwanza aliliita la ngao, na la tatu la kata. La pili, ambalo leo tunaliita la pete, alilitaja kuwa ni lile lisilo na jina. Karibu miaka 900 baadaye Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa wa Uajemi aliyefariki mwaka 1037, aliandika kijitabu cha Kiarabu juu ya namna sauti za herufi zinavyozaliwa. Humo naye alieleza magegedu ya koo, na lile la pili likaendelea kuwa lisilo na jina. Wanaosoma katika madrasa zetu za pwani hufundishwa mpaka leo kwamba zipo herufi sita za halki, yaani zinazotoka kooni, na kwamba kila moja ina mahali pake. Elimu hiyo ni jamaa wa elimu ya Ibn Sina.

Kosa moja la Galen lilidumu zaidi. Yeye alidhani kata ni moja tu, kwa kuwa alipasua wanyama zaidi kuliko watu. Ilibidi kungoja mpaka mwanzoni mwa karne ya 16, Mwitalia Jacopo Berengario da Carpi aonyeshe kwamba ni mbili.

Nasi tulikuwa na jambo letu la majina. Katika vyuo vya ualimu tuliwaandaa vijana kufundisha sayansi kwa Kiswahili katika shule za msingi, lakini vitabu vya kutegemea vilikuwa vya Kiingereza. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia, na nyingine ya isimu na lugha. Kwa sisi tuliosimama mbele ya ubao hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Kitu kisicho na jina hufundishwa kwa kukionyesha kidole. Kikipata jina mwanafunzi huenda nacho nyumbani. Ngao, pete na kata ni maneno ambayo mtoto wa Mufindi au Rungwe hahitaji kufafanuliwa.

Galen huyo huyo aligundua jambo jingine ambalo ndilo kiini cha habari yangu. Alipokuwa akifanya majaribio juu ya nguruwe hai, alikata neva nyembamba mbili zinazopanda shingoni kando ya bomba la hewa. Nguruwe aliendelea kufurukuta lakini kelele zikakoma palepale. Galen alilirudia jaribio hilo mbele ya wakubwa wa Roma waliokuwa wamefundishwa kwamba sauti na akili ya mtu vinatoka moyoni. Akawaonyesha kwamba amri ya kusema inatoka kwenye ubongo na hupita katika uzi huo.

Njia ya neva hizo ni ya ajabu. Hazifiki zolotoni moja kwa moja. Hushuka kwanza mpaka kifuani, ile ya kushoto ikazunguka chini ya mshipa mkuu wa damu, ya kulia ikazunguka mshipa mwingine juu zaidi, ndipo zikapanda tena katikati ya bomba la hewa na umio. Kisha huingia zolotoni nyuma tu ya kile kiungo cha ngao na pete nilichokieleza. Na hapo hapo, mbele yake, imekaa tezi yenye umbo la kipepeo. Mwingereza Thomas Wharton aliipa tezi hiyo jina la ngao mwaka 1656, kwa kuwa iko jirani na gegedu la ngao. Imefungwa kwenye pete na kwenye bomba la hewa kwa tishu unganishi imara, ambayo madaktari huiita kano ya Berry, kwa jina la mpasuaji mmoja wa London. Ndiyo maana daktari akitaka kujua kama uvimbe wa shingo ni rovu humwambia mgonjwa ameze mate. Uvimbe ukipanda pamoja na zoloto, basi ni wa tezi hiyo, maana vimefungwa pamoja.

Tezi hii hutengeneza dawa yake, inayoendesha joto na ukuaji wa mwili, kwa kutumia iodini, ambayo sisi Watanzania tunaiita madini joto. Ikikosa madini hayo hujitahidi kwa kukua, mwishowe shingo ikavimba. Sasa, iodini kwa wingi wake iko baharini. Anayeishi Bagamoyo na kula samaki wa baharini huipata bila kujua. Lakini katika milima mirefu mvua ya miaka maelfu imeiosha kutoka kwenye udongo, na mahindi, viazi na maharage yaotayo humo hayana cha kumpa mlaji. Hivyo ndivyo ilivyokuwa Ukinga, Ludewa, Njombe, Rungwe na kwingineko katika mikoa ya Iringa na Mbeya ya wakati huo, kabla Njombe haijawa mkoa mwaka 2012 na Songwe mwaka 2016. Milima tunayoisifu kwa chai, viazi na hewa safi ndiyo hiyo hiyo iliyowanyima watu wake kitu kidogo kisichoonekana kwa macho.

Mtu anaweza kuuliza, je, wazee wetu hawakula chumvi? Walikula. Chumvi ilikuwa mali kubwa ya biashara muda mrefu kabla ya wakoloni. Ivuna, karibu na Ziwa Rukwa, wachimbaji wa mambo ya kale walikuta mabaki ya utengenezaji wa chumvi wa karne nyingi zilizopita, na Uvinza kule Kigoma kazi hiyo ilianza mapema zaidi. Watu walisafiri siku nyingi kuifuata. Lakini chumvi yenyewe, iwe ya chemchemi za bara au hata ya pwani, haina iodini ya kutosha mpaka itiwe. Wazee walikuwa na chombo sahihi mkononi, ila kilikuwa kitupu.

Nilipokuwa kijana, rovu lilikuwa jambo la kawaida katika vijiji vingi vya milimani. Kulikuwa na nyumba ambamo bibi, mama na binti wote walikuwa nalo. Baadhi ya watu walisema ni damu ya ukoo, wengine wakalaumu maji ya mto fulani, na wengine wakanong'ona habari za husuda. Wasichana waliokuja chuoni walifunga vitambaa shingoni hata siku za jua. Sisi walimu tuliliona kama kasoro ya sura tu, wala hatukuliunganisha na wale watoto wa vijiji vile vile waliokua wafupi, wazito wa kuelewa, wengine viziwi na bubu. Leo inajulikana kwamba mama mjamzito akikosa madini joto kwa kiasi kikubwa, mtoto huathirika ubongo na usikivu angali tumboni. Mtoto wa namna hiyo zoloto lake ni zima. Bawaba zipo, kata zinateleza, kano haina dosari. Ila hakuwahi kusikia neno, kwa hiyo hana neno la kutoa. Katika yote niliyojifunza juu ya koo, hilo ndilo lililonihuzunisha zaidi.

Kwa wenye rovu kubwa lililobana pumzi, njia ilikuwa kisu. Historia ya kisu hicho ni ya kutisha. Huko Ulaya hadi katikati ya karne ya 19 wapasuaji wengi waliogopa kabisa kuligusa rovu kwa sababu wagonjwa walikufa kwa kutokwa damu. Aliyebadili mambo ni Theodor Kocher wa Bern, Uswisi, nchi ya milima kama yetu na yenye marovu kama yetu. Kwa usafi, subira na kufunga kila mshipa wa damu, alishusha vifo hadi chini ya 1 kwa kila wagonjwa 100, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1909. Mwaka 1883 yeye mwenyewe alitangaza kwamba wagonjwa aliowaondolea tezi nzima walidhoofika mwili na akili, na hivyo ulimwengu ukaanza kufahamu kazi ya tezi hiyo. Hata hivyo, kuokoa maisha ni jambo moja na kuokoa sauti ni jingine. Neva iko nyuma ya tezi, imejificha karibu na ile kano, na rovu likikua huisukuma mahali isipotarajiwa.

Mwalimu mwenzangu mmoja alipasuliwa katika miaka ya 1970, katika hospitali ambayo sina haja ya kuitaja. Alikuwa mwalimu wa Kiswahili na kiongozi wa kwaya ya chuo, sauti yake ya kwanza ikisikika juu ya wote. Kidonda kilipona vizuri, shingo ikawa nyembamba, na alizungumza kama zamani. Lakini sauti ya juu haikurudi. Kila alipotaka kupandisha wimbo, ilifika mahali ikagoma. Alihamia sauti ya pili, baadaye akawa anaongoza kwa mkono tu. Daktari aliyemtazama koo kwa kioo alimweleza kwamba nyuzi sauti zake zinakutana na kuachana bila shida, kwa hiyo neva kubwa haikuguswa. Ila iko neva nyingine ndogo inayopita karibu na ncha ya juu ya tezi kwenda kwenye msuli unaoinamisha ngao na pete, na huenda hiyo ndiyo iliyoumia. Kiungo chake kilikuwa kizima, lakini hakikuwa tena na mkono wa kukivuta. Mtu asiyeimba angeweza kuishi miaka 30 bila kugundua amepoteza kitu. Yeye aligundua Jumapili ya kwanza.

Kioo kile cha daktari nacho kina asili inayomfurahisha mwalimu yeyote. Hakikuanzishwa na tabibu. Mwaka 1854 Manuel García, Mhispania aliyekuwa akifundisha kuimba jijini London, alitumia kioo kidogo cha daktari wa meno na mwanga wa jua kutazama nyuzi sauti zake mwenyewe zikifanya kazi. Mwaka uliofuata maelezo yake yalisomwa mbele ya chama kikuu cha wanasayansi wa Uingereza. Kwa miaka mingi alikuwa amewafundisha wengine kutumia kitu ambacho hakuna aliyekiona kikifanya kazi ndani ya mtu hai, akachoka kukisia. Aliishi hadi mwaka 1906, akiwa na umri wa miaka 101.

Lakini rovu halikumalizwa na kioo wala kisu. Mfaransa Bernard Courtois aliigundua iodini mwaka 1811 katika majivu ya magugu ya baharini, na mwaka 1820 tabibu wa Geneva, Coindet, alikwisha kuijaribu kwa wenye rovu. Ilichukua miaka 100 zaidi kufika mahali pa wazi: mwaka 1922 Uswisi ilianza kutia iodini kidogo katika chumvi ya kupikia, na Marekani ikafuata mwaka 1924. Katika milima ya Kocher marovu yakapungua vizazi kwa vizazi, si kwa ustadi wa mpasuaji, bali kwa kijiko cha mpishi.

Kwetu, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania iliundwa kwa sheria mwaka 1973, na uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba hali ilikuwa mbaya kuliko tulivyodhani. Kuanzia mwaka 1986 vidonge vya mafuta yenye iodini viligawiwa katika wilaya zilizoathirika zaidi, nyingi kati ya hizo zikiwa katika nyanda zetu. Nayakumbuka mafoleni katika viwanja vya shule, watoto wakimeza kidonge wakicheka bila kujua wanachookolewa nacho. Vidonge vilikuwa vya kuziba pengo tu. Katika miaka ya mwanzo ya 1990 zilitungwa kanuni za kutia madini joto katika chumvi yote ya kula, na viwanda vikapatiwa mashine. Matokeo yake yamepimwa. Katika miaka ya 1980 watoto wa shule wenye tezi lililovimba walikuwa takriban asilimia 25 nchini kote, na katika wilaya zilizoathirika sana walizidi nusu. Uchunguzi wa mwaka 2004 ulikuta ni karibu asilimia 7 nchini.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tuliuziba, na kwa gharama ndogo. Ila ushindi wa namna hii una udhaifu wake: ukikamilika hausahauliki tu, bali hata adui aliyeshindwa husahauliwa. Kijana wa Njombe aliyezaliwa baada ya mwaka 2000 akiniuliza rovu ni nini, siwezi kumwonyesha kijijini kwake kwa urahisi kama ambavyo ningeweza zamani. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini udongo wa milimani haujabadilika. Mvua inaendelea kuuosha. Chumvi ya mawe isiyotiwa kitu, inayotoka kwa watengenezaji wadogo, bado huuzwa kwa kupimiwa kwa kikombe, na ile iliyotiwa hupoteza nguvu ikiachwa wazi kwenye unyevu au juani. Hakuna ushindi wa mara moja katika vita hivi. Kila kizazi hakina budi kununua chumvi yake mwenyewe.

Kwa hiyo walimu wanaofundisha leo Makete, Ludewa, Tukuyu na Mufindi wana kazi ambayo sisi tuliifanya nusu tu. Wanapochora koo ubaoni wasiishie kwenye ngao, pete na kata. Waichore na tezi iliyofungwa mbele yake, na neva inayopita nyuma, kisha waulize darasa: nyumbani kwenu chumvi hukaa katika chombo gani, na kimefunikwa?